Viungo vya Majani Uani: Kupanda, Kukata na Kupika

Kachumbari ya watu wanne inahitaji matawi matano ya kotimiri. Gengeni huuziwi matawi matano. Unauziwa fungu, na fungu lenyewe limeshapigwa na jua tangu asubuhi. Unakata kidogo, mengine unayasukumia kwenye friji, keshokutwa unayakuta yamegeuka ute mweusi. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyonifanya nianze kupanda viungo uani kwetu hapa Dar es Salaam, kwenye sehemu isiyozidi mkeka wa kulalia watu wawili. Mchicha wa kulisha familia unataka tuta. Viungo vinataka ndoo tu, kwa sababu unachuma kidogo kila siku, dakika tano kabla ya chakula kuepuliwa.

Ninayoeleza hapa ni ya pwani, penye joto. Mombasa, Tanga na Unguja hali yetu ni moja. Aliye Arusha au Nairobi ana bahati ya baridi ambayo kotimiri inaipenda sana, kwa hiyo miezi ninayoitaja aibadilishe kulingana na kwake.

Anza na sufuria

Kabla ya kununua mbegu hata moja, kumbuka ulichopika wiki mbili zilizopita, ukiandike. Kwetu orodha ilitoka hivi: samaki wa nazi mara tatu, maharage, kachumbari karibu kila siku, chai asubuhi na jioni, dengu, kuku wa kuchoma Jumapili. Orodha hiyo ndiyo inayokwambia upande nini. Rozimari ni mmea mzuri, unanukia ukiupitia tu, lakini kwenye orodha yangu haikuwa na chakula hata kimoja. Mmea usio na chakula chake jikoni hauchumwi, na usiochumwa unarefuka, unakuwa mti mkavu, mwisho unasahauliwa hata kumwagiliwa.

Mimi nilibaki na sita: kotimiri (giligilani kwa wengine, dania kwa ndugu zetu wa Kenya), mchaichai, nanaa, tangawizi, pilipili mbuzi, na mche mmoja wa yale majani madogo yanayokaangwa kwenye dengu za Kihindi, ambayo nyumbani tunayaita majani ya mchuzi. Mwaka wa kwanza chukua vitatu tu. Ukiniuliza vipi, nitasema kotimiri, mchaichai na nanaa. Mchaichai haufi kirahisi, nanaa ukishaianzisha inajiotea yenyewe, na kotimiri ndiyo itakayokufundisha kazi, maana ndiyo yenye masharti.

Hatua ya kwanza: tazama jua kabla ya kuweka ndoo

Siku moja ukiwa nyumbani, angalia ua wako saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Chora hata kwa mkaa sakafuni kivuli kilipoishia. Majani mengi ya viungo yanatosheka na jua la muda wa saa nne hadi sita kwa siku, na pwani jua zuri ni la asubuhi. Lile la kuanzia saa sita hadi saa tisa linababua.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Dar es Salaam ipo kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na Desemba linapita upande wa kusini. Kona ya chini ya ukuta iliyokuwa na mwanga mzuri wakati wa kipupwe inaweza kufunikwa na kivuli cha ukuta ifikapo Desemba, na iliyokuwa kivulini ikawaka moto. Ndiyo sababu sipendi tuta la kujengea matofali kwenye ua mdogo. Panda kwenye vyombo vinavyobebeka, ulifuate jua au ulikimbie.

Hatua ya pili: vyombo

Ndoo ya lita 10 inatosha kwa mchaichai au pilipili. Kwa kotimiri, chombo bora nilichowahi kutumia ni dumu la lita 20 la mafuta ya kula. Lilaze ubavu, ukate ubavu wa juu kwa kisu ukiacha ukingo wa vidole viwili, upate mtumbwi mrefu. Kina chake kinatosha mzizi wa kotimiri, unaoshuka chini moja kwa moja. Tangawizi inataka chombo kipana kuliko kirefu, hivyo beseni lililopasuka ndilo makao yake. Usitumie kamwe chombo kilichowekwa rangi, mafuta ya gari au dawa ya kuulia wadudu, hata ukikiosha mara kumi. Haya ni majani ya kula mabichi.

Matundu: pasha msumari mnene kwenye mkaa, ushike kwa koleo, utoboe chini matundu sita hadi manane, kila moja lipitishe kidole cha mwisho. Tafadhali usipunguze. Tangawizi yangu ya kwanza niliitobolea matundu mawili nikidhani yanatosha. Ikaja masika, ikanyesha siku tatu mfululizo, na majani yaliyokuwa ya kijani yakaanza kuwa manjano kutoka chini. Nilipofukua nilikuta tunguu zimelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, zinanuka. Miezi minne ya kumwagilia ikaishia hapo. Tangu siku hiyo kila ndoo yangu inakaa juu ya matofali mawili, ili maji yatoke yaonekane.

Visahani vya kukinga maji chini ya vyungu siviweki, na wewe usiviweke. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengi anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama kiasi cha kikombe. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Ukilazimika kuweka kisahani, labda kwa sababu upo ghorofani na maji yanamdondokea jirani wa chini, kimwage na ukisugue mara mbili kwa wiki.

Kama ua ni mdogo kiasi kwamba hata ndoo tatu zinaziba njia, tumia gunia, kama walivyofanya watu wengi wa Kibera kule Nairobi. Simamisha gunia, weka kopo kubwa lisilo na kitako katikati, ulijaze kokoto, uzungushie udongo pembeni. Udongo ukifika usawa wa kopo, livute kopo juu, ulijaze tena, hivyo hivyo mpaka juu. Ukimaliza unalichomoa, na katikati inabaki nguzo ya kokoto inayopeleka maji chini. Juu panda kotimiri, ubavuni toboa matundu upandikize nanaa au vitunguu vya majani.

Hatua ya tatu: udongo

Udongo wa sehemu kubwa ya jiji hili ni kichanga. Maji yanapita kama kwenye chekeche. Mchanganyiko wangu ni ndoo mbili za udongo, ndoo moja ya samadi iliyooza na nusu ndoo ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa nyuzi na kukatwakatwa. Makumbi ndiyo yanayoshika maji. Yaloweke kwanza siku tatu au nne, ukibadilisha maji kila siku, kwa sababu yana chumvi na ule utomvu wa kahawia usiofaa kwa miche.

Samadi lazima iwe imeoza kabisa. Ya kuku ni kali, inaunguza mizizi ikiwa mbichi, na samadi mbichi ya mnyama yeyote ina vijidudu vya kuumiza tumbo. Irundike, inyunyizie maji, ifunike, igeuze kila baada ya wiki mbili, uiache miezi mitatu au zaidi. Iliyo tayari haina joto ukitia mkono, na inanuka udongo baada ya mvua.

Kisha jaribu mchanganyiko wako. Teka konzi moja yenye unyevu, ikamue. Ikishikana halafu ikasambaratika ukiigusa kwa kidole, iko sawa. Ikikataa kushikana, ongeza makumbi. Ikibaki tonge gumu, ongeza mchanga.

Kotimiri, polepole

Mbegu zake unazo jikoni. Ni zile giligilani nzima za kutia kwenye pilau, mradi hazijakaangwa na hazijakaa dukani miaka. Nunua kidogo, uzinuse. Zenye harufu kali ndizo zenye uhai.

Kipunje kimoja cha giligilani si mbegu moja. Ni ganda lenye mbegu mbili zilizotazamana. Zimwage kwenye sinia, chukua chupa ya soda, uzibiringishie juu kwa uzito wa mkono tu, kama unayesukuma chapati laini. Utasikia zinalia, tik, tik, na vipunje vinagawanyika vipande viwili. Ukiona unga unatoka, unabonyeza mno. Ziloweke usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, asubuhi uzichuje.

Chora mifereji miwili kwenye dumu, kina cha nusu ya upana wa kidole. Dondosha mbegu moja kila baada ya upana wa vidole viwili, funika, bonyeza kidogo kwa kiganja. Mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo ili maji yanyeshe, yasichimbe. Weka mfuko wa gunia uliolowa juu mpaka uone kichipukizi cha kwanza, kisha uuondoe siku hiyo hiyo. Kwa kawaida huchukua siku 7 hadi 14. Usikate tamaa siku ya nane.

Usiihamishe. Kotimiri iliyong'olewa na kupandwa upya inashtuka, na ikishtuka inakimbilia kutoa maua. Joto nalo linaifanya hivyo hivyo. Utajua inaelekea huko ukiona majani mapya yamebadilika: ya kwanza ni mapana kama kiganja kidogo, haya ni membamba kama nyuzi. Hapo hakuna mkasi utakaoirudisha, majani yake yanapungua na ladha inageuka. Kwa hiyo miezi yake bora kwetu ni Juni hadi Agosti. Kuanzia Desemba hadi Machi iweke sehemu inayopata jua la asubuhi tu, uvune mapema, na usitegemee ikae zaidi ya wiki sita au saba. Wakati wa masika isogeze chini ya upenu, maana mvua kubwa inailaza chini na kuirushia tope.

Siri ya kuwa nayo muda wote ni kutokupanda yote kwa siku moja. Mimi nina madumu matatu. Kila baada ya wiki tatu napanda moja. La kwanza linapochoka, la pili liko mkasini, la tatu linachipua. Mavuno yanaanza wiki ya tano au ya sita.

Vingine havina shida hivyo

Nanaa: nunua kitawi chenye afya, kata chini ya kifundo urefu wa kidole kirefu, ondoa majani ya chini, tumbukiza kwenye glasi ya maji dirishani pasipopigwa jua kali. Ndani ya wiki moja au mbili kitakuwa na mizizi myeupe. Ipande kwenye chombo chake peke yake, kwa sababu inatambaa chini ya udongo na itaimeza jirani yake yeyote. Inapenda unyevu na kivuli cha mchana.

Mchaichai: tafuta shina lenye kitako chake kizima, hata la sokoni, uliweke majini mpaka litoe mizizi, au omba jirani akugawie kipande cha kichaka chake. Linataka jua kali. Mwaka mmoja tu shina moja linakuwa kichaka kinachojaza ndoo, na hapo unalig'oa, unaligawa kwa panga, unawapa wengine.

Tangawizi: chagua kipande chenye macho mawili au matatu yaliyovimba, kiache kidonda kikauke siku moja au mbili, kizike kina cha vidole vitatu, jicho likitazama juu. Maji kidogo sana mpaka kichipukizi kitoke. Inakomaa miezi minane hadi kumi, lakini kuanzia mwezi wa tano unaweza kuchimba kwa kidole pembeni, ukavunja kipande cha chai ya siku hiyo, ukafukia tena bila kuung'oa mmea.

Pilipili mbuzi: mbegu za tunda lililoiva kabisa, zikaushe kivulini, zioteshe kwenye kikopo, uzihamishe zikiwa na majani manne hadi sita. Majani ya mchuzi: nunua mche, kwa sababu mbegu zake zinachelewa na ukikata vitawi vyake mara nyingi vinagoma kuota.

Maji, chumvi na wadudu

Usimwagilie kwa kufuata saa, tia kidole. Udongo ukiwa mkavu mpaka pingili ya kwanza ya kidole, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Ukiwa na unyevu, acha. Asubuhi ni bora kuliko jioni.

Wengi wetu tunatumia maji ya kisima, na visima vingi vya jijini vina chumvi. Utaona ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia ilhali udongo umelowa, au utando mweupe ukingoni mwa ndoo. Dawa ni maji baridi yasiyo na chumvi. Kinga ya mvua, au tumia maji uliyooshea mchele na mboga, na mara moja kwa mwezi mimina mengi mfululizo yasombe chumvi itoke kwa matundu. Maji ya kuoshea vyombo yenye sabuni na mafuta usiyatie.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, geuza majani uangalie chini yake. Mara nyingi kuna vidukari, na sisimizi wanafuata utamu wanaoutoa. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyizia chini ya majani jioni, asubuhi osha kwa maji matupu. Rudia baada ya siku nne. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku kucha na kuchujwa, yanafaa pia, ila yana uchungu, kwa hiyo acha siku kadhaa kabla ya kuchuma na uoshe vizuri. Dawa za dukani za mashamba makubwa usizilete kwenye majani unayokata na kuyala saa hiyo hiyo.

Adui mkubwa wa miche yangu, kusema kweli, ni kuku wa jirani. Miba ya mlimau au vijiti vilivyochomekwa kwa ukaribu vinamzuia, na jirani mwenyewe ukimpelekea fungu la nanaa atakumbuka kuwafungia.

Kukata ndiko kunakofanya mmea uishi

Hapa ndipo bustani na jiko vinapokutana, na ndipo watu wengi wanapokosea kwa huruma. Wanauonea mmea haya, hawaukati, unazeeka. Au wanaukata kipara siku ya wageni.

Kotimiri: kata majani ya nje kwa mkasi, chini kabisa karibu na udongo, na uuache moyo wa katikati. Usichukue zaidi ya theluthi moja kwa siku. Nanaa: kata ncha juu kidogo ya kifundo chenye majani mawili, na kutoka kwenye kila kwapa la jani litatoka tawi jipya. Ulikata moja, unapata mawili. Mrehani ukiupanda nao ni hivyo hivyo, na maua yake uyadokoe yakiwa machanga, isipokuwa kama unayataka kwa kikuba. Mchaichai: shika konzi ya majani, kata yakibaki urefu wa kiganja juu ya udongo. Vaa kitu mkononi, kingo zake zinakata kama wembe. Majani ya mchuzi: vunja kikonyo kizima, usinyonyoe jani moja moja.

Chuma asubuhi kama utahifadhi. Kama unapika jioni, chuma jioni, osha kwa maji safi yanayotiririka, kung'uta, tumia.

Jikoni

Kanuni ni moja, na ukiishika utapika bila kuuliza: majani laini yanaingia mwisho, majani magumu yanaingia mwanzo. Harufu ya kotimiri na nanaa inapaa na mvuke. Ukiitia kotimiri pamoja na vitunguu, mpaka samaki aive harufu iko kwa majirani, na kwenye sahani kimebaki kijani tu. Mchaichai, majani ya mchuzi na tangawizi vinahitaji moto ili vitoe kilichomo.

Samaki wa nazi ndiye mfano mzuri, kwa sababu anatumia kanuni zote mbili. Chukua vipande vya nguru au changu, uvipake chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichotwangwa, uviache nusu saa. Nazi moja ikune, ukamue tui zito uliweke pembeni, kisha uongeze maji vuguvugu ukamue tui jepesi. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo mpaka kilainike. Sasa chukua vikonyo vya kotimiri, vile ambavyo wengi wanavitupa, uvikate vidogo kama punje, uvitie hapo pamoja na tangawizi ya kukwaruza na bizari ya manjano nusu kijiko cha chai. Vikonyo vina ladha kuliko majani na vinastahimili moto. Tia nyanya mbili, zipondeke. Mimina tui jepesi, likichemka panga samaki na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa, ili itoe harufu bila kuwasha. Dakika kumi hivi. Mimina tui zito, punguza moto, teka kwa upawa na kurudisha bila kuacha, lisikatike. Likianza kufuka pembeni, epua. Kamulia ndimu. Sasa kata majani ya kotimiri, hapo hapo, usiyakate mapema, uyamwage juu na ufunike dakika mbili. Ukifunua mfuniko mbele ya walaji, harufu itawafikia kabla ya sahani.

Kotimiri ikizidi, fanya chatne. Konzi mbili za majani na vikonyo, konzi moja ya nazi iliyokunwa, pilipili mbuzi moja, punje mbili za kitunguu saumu, chumvi na ndimu moja. Kinu na mchi vinaitoa nzuri kuliko mashine, kwa sababu inabaki na chembechembe. Ni ya mihogo ya kukaanga, bajia na mishkaki. Friji inaitunza siku mbili au tatu. Ukiwa na mgeni anayesema kotimiri inanuka sabuni, usimlazimishe. Wapo waliozaliwa na pua za namna hiyo, mtengee yake kwa nanaa.

Kwa dengu, zipike ziive kwanza. Pembeni pasha mafuta vijiko viwili kwenye kikaango kidogo, tia uzile kijiko kimoja cha chai, zikianza kulia tia vikonyo viwili vya majani ya mchuzi yaliyokaushwa maji kabisa, vinginevyo mafuta yatakurukia. Yatapasuka sekunde chache, yawe makavu na ya kijani iliyokolea. Mimina yote juu ya dengu, ufunike.

Chai ya mchaichai: majani manne marefu kwa lita moja ya maji. Yafunge fundo moja kabla ya kuyatumbukiza, ili yasitawanyike na uyatoe kwa mkono mmoja. Yachemke dakika tano peke yake, ndipo utie majani ya chai na sukari. Kile kitako cheupe cha shina kiponde kwa mchi ukitie kwenye supu ya kuku tangu mwanzo, au kwenye wali wa nazi maji yanapokaribia kukauka. Ukitoe kabla ya kupakua, hakitafuniki.

Nanaa usiichemshe. Maji yaliyochemka mwagia juu yake kwenye birika, funika dakika tano. Au iponde kidogo na sukari, ukamulie ndimu, mimina maji ya baridi. Kwenye masala ya biriani, itie iliyokatwa pamoja na kotimiri unapopanga wali juu.

Kuhifadhi, na mbegu za msimu ujao

Kotimiri na nanaa zilizobaki zisimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo, kama maua, uzifunike mfuko kwa juu bila kuzibana, kwenye friji. Zitakaa wiki moja. Kwa muda mrefu zaidi, zisage na mafuta kidogo na chumvi, ugandishe kwenye vitrei vya barafu, utumie kipande kimoja kimoja kwenye maharage. Mchaichai kausha kivulini ukiwa umefungwa matita na kuning'inizwa. Juani unapoteza harufu yake yote.

Kwenye kila dumu la kotimiri linalochoka, acha miche mitatu iliyonyooka kuliko yote, usiikate tena. Itatoa maua meupe, nyuki watakuja, kisha vipunje vya kijani vyenye harufu kali. Hata vikiwa vibichi hivyo, vichache vikitwangwa kwenye kachumbari vinapendeza. Vingine viache mpaka vigeuke kahawia mtini. Mimi huikata miche mizima asubuhi, nikaipindua ndani ya mfuko wa karatasi, nikaining'iniza jikoni wiki mbili. Vipunje vinadondoka vyenyewe. Navipepeta kwenye ungo, naandika mwezi juu ya karatasi, na kuviweka kwenye kopo kavu kabatini. Nusu ni ya pilau, nusu ya dumu la Juni.